Majani ya Sharhad

Ulan Bator, Aprili 9

Dada yangu Handmaa,

Je, majira ya machipuko mnayapitisha kwa amani? Wana-kondoo wamesimama vizuri? Mimi mzima, ila kifua kinanisumbua kwa moshi wa huku mjini.

Nimeacha ile kazi ya ghala. Sasa naongoza watu wanaopenda kutembea kwa miguu. Nitawaleta huko kwetu Gobi kila majira, wayaone majani yanavyobadilika, kijani, manjano, hadi theluji. Ni wasomi, wenye viatu vya maana. Najua utacheka. Ninyi wa huko mnaona mtu asiyefuata mkia wa mbuzi hana kazi. Dunia imebadilika, dada, ni ninyi tu hamjapata taarifa.

Mdogo wako,
Dashnyam


Gobi, Mei 21

Mdogo wangu,

Huku hatujambo. Wana-kondoo wamesimama, chai ipo. Dereva wa lori la mafuta aliniletea barua yako nikaisoma kwa sauti, hema zima likacheka mpaka chai ikatutoka puani. Jirani yetu Choijil akauliza, "Kwani farasi wao wamekufa wote?" Nikamwambia hapana, hao watu wanapanda ndege kuja, halafu wanatembea. Akasema, "Basi ni wagonjwa. Wapeni mchuzi wa kondoo wakalale."

Haya, walete wagonjwa wako. Wakanyage wanapotaka, wapige picha kila jani. Ila Sharhad usiguse. Mama alikufundisha kabla hujajua kufunga mkanda: bonde tunalokaa wakati wa baridi haliingizwi mdomo wa mnyama mpaka theluji ya kwanza. Sisi wenyewe tunakaa kilomita arobaini mbali nalo kiangazi kizima, tunakula vumbi, kwa sababu hiyo tu. Majani yale ndiyo yanawavusha kondoo mia tatu, na bila kondoo hao sisi hatupo. Hapo sina mzaha.

Dada yako,
Handmaa


Ulan Bator, Septemba 3

Dada,

Kiangazi kimepita kwa amani? Mifugo imenona? Nisamehe sikufika kwako kunywa maziwa, wageni walikuwa na haraka.

Safari zimefana kupita kiasi! Makundi matatu, ngamia thelathini wa mizigo. Huko mlipo ninyi majani yalikuwa yamelika mpaka mizizi, aibu hata kumwonyesha mtu. Nikawapeleka Sharhad. Ungewaona! Majani ya kufika magotini, hakuna alama ya kwato hata moja. Mama mmoja alilia. Kila kundi lilitaka kukaa siku mbili, likakaa kumi. Ndiyo, ngamia walikula. Ulitaka niwafunge midomo? Na jioni tuliwasha moto kwa ile samadi kavu mliyoipanga kama ukuta, wageni wakaimba nyimbo za kwao.

Usinune. Majani huota tena, na samadi haijawahi kumwishia mfugaji. Kitu kukaa miezi minane bila kutumiwa huo ni ushamba, dada, tuambiane ukweli.

Mdogo wako,
Dashnyam


Sharhad, Novemba 14

Dashnyam,

Sikuulizi hali.

Tumehamia juzi. Majani yaliyobaki ni mafupi kuliko ndevu zako, na ndevu zako tunazijua. Penye ukuta wa samadi pana majivu, na ndani ya majivu kuna kopo la samaki. Kondoo walishuka bondeni mbio kama kila mwaka, kisha wakasimama.

Usiniambie ulisahau. Aliyesahau huuliza. Wewe ulijua, ila ulitaka kupigiwa makofi na watu wasioweza kutofautisha malisho na uwanja wa mpira. Una miaka thelathini na tisa. Hata mbwa wetu hachafui anapolala.

Hatuna pengine pa kwenda. Mabonde mengine yana wenyewe, na wenyewe waliyatunza.

Dada yako,
Handmaa


Ulan Bator, Januari 30

Dada,

Majira ya baridi mnayapitisha kwa amani? Redio imesema huko theluji imegeuka barafu. Nina wasiwasi, sikufichi.

Lakini na wewe umezidi. Unaniandikia kana kwamba bado nanyonya. Wenzako siku hizi wananunua makapi ya ngano mapema, wewe unangoja mbingu. Nimempa dereva magunia kumi akuletee. Naona tumemalizana.

Jambo jingine. Nina wageni tisa wa machipuko, wameshajiandikisha. Wanataka kutembea mpaka kwako waone kondoo wakizaa. Niambie tarehe nzuri. Nijibu basi, hata kwa matusi.

Mdogo wako,
Dashnyam


Gobi, Aprili 18

Kwa Dashnyam,

Magunia yalifika mwezi uliopita, lori lilikwama. Wakati huo kondoo walikuwa wameshaanza kulana manyoya migongoni. Kati ya mia tatu wamebaki arobaini na mmoja. Samadi ilipokwisha tulichoma kitanda cha mama ili watoto wasigande.

Huna haja ya matusi yangu. Nilikutukana vuli, nilipokuwa bado nadhani utaona haya.

Choijil alikuja mwenyewe katika upepo ule, akawaswaga hao arobaini na mmoja mpaka bondeni kwake, akawachanganya na wake. Majani yake yalikuwepo kwa sababu kiangazi chote alimfukuza kila mnyama, hata wa kwake. Kwa hiyo nimempa Sharhad. Tumekwenda wilayani, cheti cha bonde sasa kina jina la mwanawe. Mimi na watoto tunachunga pamoja nao.

Hakuna kuzaa kwa kuwaonyesha wageni wako. Ukiwaleta hata hivyo, usije moja kwa moja mpaka mlangoni kama mtu wa nyumbani. Simama mbali, paza sauti kama wafanyavyo wapita njia wote: "Shikeni mbwa!" Mtoto wa Choijil atatoka kumshika. Ni kijana mwenye adabu, atakupa chai na kukuuliza unatoka wapi.

Handmaa