Karatasi Nilizozibandua Kwenye Redio

Neema mjukuu wangu,

Marahaba, shikamoo yako imefika. Huku Nambis tumemaliza kuvuna maharage. Babu yako bado anakohoa, na mimi nimechoka tu.

Unauliza kama ni ujinga kuweka mtandaoni, bure, mchoro wa mashine yako ya kutotolesha vifaranga.

Nilipokuwa binti mwenye haya nyingi, nilikuwa fundi wa redio pale Dongobesh. Ndani ya kifuniko cha kila redio kulikuwa na karatasi yenye mchoro wa nyaya zake. Nilizibandua nikazificha, ili watu wanitafute mimi tu. Panya wakazila.

Siku moja mzee mmoja wa kijiji cha Gehandu akarudisha redio yake niliyowahi kumtengenezea. Kijana wake alikuwa vitani, na habari alizipata humo tu. Nikaifungua, nikakwama bila mchoro.

"Binti, si wewe daktari wake?" akatania. Kisha akachungulia. "Na ile karatasi yake?"

Nikarudishia kifuniko. Akaifunga kwenye shuka lake, akaondoka nayo ikiwa bubu.

Sijawahi kumwambia mtu. Uweke tu huo mchoro, Neema, na mmoja unitumie. Nitaubandika kwenye mlango wa banda la kuku, upande wa nje.

Bibi yako