Alama za Uhalisia

Dada yangu mpendwa,

Ni matumaini yangu barua hii inakukuta mzima, na kwamba mgongo umeacha kukusumbua kwa zile zamu za kusimama kutwa kiwandani. Mimi mwili haujambo, moyo ndio hautulii. Usishtuke kuletewa bahasha kazini na mtu usiyemjua. Ni mwalimu mwenzangu. Simu yako siku hizi kila nikipiga anapokea shemeji, ananiambia umelala. Tafadhali isome hapohapo, usiende nayo nyumbani.

Nianzie mbali kidogo, unamjua mdogo wako kwa maneno. Muhula huu walimu tuliamua kuacha kusahihisha kwa kujuana. Wazazi walilalamika kwamba watoto wa jamaa zetu wanapewa alama za bure, na kusema kweli baadhi walikuwa wanapewa. Tukakaa kikao chumba cha walimu mpaka chai ikapoa. Mwalimu wa hesabu alitaka kila kitu kipimwe, mwalimu mkuu alitaka tumalize aende zake. Mimi ndiye niliyeng'ang'ania kwamba majina yafunikwe, kila karatasi ipewe namba, na mtu asisahihishe darasa analofundisha. Insha nazo nikataka zipimwe kwa lugha, mpangilio na uhalisia, yaani mambo yanayosimuliwa yaaminike. Hilo la uhalisia lilikuwa langu mwenyewe, maana nilichoka kusoma habari za watoto wanaookoa marubani porini. Wenzangu wakakubali, nami nikatembea kifua mbele wiki nzima.

Rundo lililoniangukia lilikuwa la darasa la mwanetu. Mwalimu mkuu aliuliza kama si vibaya, kwa kuwa binti yako yumo. Nikamjibu kwamba majina yamefunikwa, kwa hiyo humo sina dada wala sina mtoto. Sijawahi kumfundisha, na mwandiko wake siujui.

Walitakiwa kueleza siku moja ya likizo nyumbani kwao, mbali na bweni. Wengi waliandika habari za kufua na kupika. Insha moja ilinisimamisha. Ilimhusu msichana ambaye, mama akishatoka tu kwenda kazini, baba wa kambo humfungia kwenye stoo ya nyuma bila maji, mpaka karibu na saa ya mama kurudi. Kisha humtoa, humwambia anawe uso na akae mezani na kitabu. Mama akiingia huambiwa kwamba leo mtoto ametulia, naye hushukuru. Msichana alieleza jinsi alivyojizoeza kukohoa ndani ya gunia ili asisikike. Insha haikuwa na mwisho. Aliandika tu kwamba likizo inakaribia.

Lugha ilikuwa safi, nikampa alama zote. Mpangilio vivyo hivyo. Nilipofika kwenye uhalisia niliweka kalamu chini, dada, sikufichi. Nikampelekea mwalimu wa hesabu aisome, nikamwambia ninataka kufunua jina. Alinikumbusha kwamba tulikubaliana hakuna kufunua mpaka alama zote ziingie, na tukifunua moja leo, kesho tutafunua ya mtoto wa jamaa. Yalikuwa maneno yangu mwenyewe ananirudishia. Nikaona aibu, nikajiambia hii nayo ni ya kubuni kama zile za marubani, nikasahihisha kama tulivyopatana.

Jana mwalimu wa darasa alifunua majina na kugawa karatasi. Jioni mwanetu alikuja kuniaga. Unakumbuka aliniomba likizo hii akae kwangu, nawe ukakubali. Jana akasema hapana, atakwenda tu nyumbani. Nikamtania kwamba amekimbia mapishi yangu. Hakucheka, alinitazama kama mtu anayengoja aulizwe jambo. Mimi nikamtakia safari njema.

Leo asubuhi ndipo nilipoliona jina lake mbele ya ile namba. Nikakimbia bwenini, nikakuta kitanda kimetandikwa, basi limeshaondoka naye. Mwalimu wa darasa akaniambia kwamba jana binti alimwonyesha wino mwekundu akamuuliza ni mwandiko wa nani. Akamwambia ni wa mama yake mdogo. Tulifunika majina ya wanafunzi, dada, mwandiko wa mwalimu hatukuufikiria.

Kwenye uhalisia nilimpa sifuri. Chini yake nikaandika hivi: "Haiaminiki. Mama gani angekaa nyumba hiyo asijue?"

Mimi sikulaumu. Shemeji kwangu amekuwa mtu wa heshima na maneno matamu, kama alivyokuwa kwako. Lakini omba ruhusa sasa hivi, uondoke na huyu aliyekuletea barua. Usimpigie mumeo kwanza. Nenda moja kwa moja uani, ufungue stoo. Mimi nipo ofisi ya ustawi wa jamii, nikitoka hapa nakuja na ofisa wao.

Leo salamu zangu ni kwa mwanetu peke yake. Ukimpata, kabla hujamwambia neno lingine lolote, mwambie namwamini.

Ni mimi mdogo wako,
Mwalimu