Mapigo ya Moyo Mchana wa Ramadhani

Bi Kazija, mshauri wetu wa gazetini,

Baada ya salamu na heshima, nakuandikia huku uso umenishuka, na nakuomba jina langu usilitoe maana nikijulikana sitakuwa na pa kupita hapa Jang'ombe. Mimi ni kijana mkimbiaji, na katika chama chetu tuko wawili tu tunaokimbia masafa marefu, mimi na mwenzangu Mcha, mtu wa Kizimkazi aliyekuja mjini kufanya kazi ya uchukuzi bandarini, na mmoja wetu ndiye atakayekimbia mashindano ya Idi Pili pale Mnazi Mmoja.

Mwalimu wetu ni Bwana Hatim, mwenye duka la dawa Mji Mkongwe, naye ana utaratibu wake, kila tukimaliza kukimbia hutushika kifundo cha mkono kwa vidole viwili, akatoa saa yake mfukoni akahesabu mapigo, kwani anasema mtu anaweza kubana pumzi akajitia hakuchoka, lakini mapigo ya moyo yanaonyesha mwili umefanya kazi kiasi gani, na wawili wakikimbia sawasawa basi yule ambaye moyo wake umetulia zaidi ndiye aliyebakiwa na nguvu. Kabla ya mfungo mapigo ya Mcha yalikuwa ya polepole kuliko yangu kila siku, nafasi ikawa yake, na mimi sikuwa na neno.

Sasa Ramadhani imeingia na jua hili la kaskazi, nasi mazoezi yetu ni baada ya Alasiri, na siku moja nilipokuwa natawadha, nikisukutua, maji nikayameza, Bi Kazija, niliyameza kwa makusudi, na kesho yake nikameza tena, kisha nikaona kufanya hivyo msikitini ni vibaya zaidi, nikawa naingia chumbani kwa bibi yangu Mwatum ambaye kwa uzee wake hafungi, nachota kata nzima mtungini kwake na kipande cha mkate wake nakitia mdomoni, halafu nafuta midomo nakwenda zangu kukimbia, na huko najitia kukohoa kwa ukavu wa koo kama wenzangu.

Jioni moja Bwana Hatim alitushika mikono, akamhesabu Mcha mara ya pili. Akasema, "Mcha, moyo wako unapiga mno. Masafa ni yale yale na mwendo ni ule ule."

Mcha akamjibu, "Labda saumu, Bwana Hatim. Koo limenkauka."

Bwana Hatim akanielekezea mimi kidole. "Mwenzako si kafunga vilevile? Mbona wake haukubadilika?" Nami nimesimama pale na maji ya bibi tumboni, na sikufungua mdomo wangu.

Haikuishia hapo, kwani alipoona kila siku mambo ni yale yale, Bwana Hatim alimwita Mcha kando akamwambia anamhofia ana ugonjwa wa moyo, asikimbie tena, na nafasi nikapewa mimi, na sasa baba yangu anatamba barazani kwamba saumu imempa mwanawe moyo madhubuti, watu wanamwitikia mashaallah, nami napita nimeinamisha kichwa wakidhani ni adabu. Juzi nilimkuta Mcha amekaa kizingitini wakati wa kazi, nikamuuliza kulikoni, akaniambia, "Nshaacha kubeba magunia, ndugu yangu. Nikilala nausikiliza moyo, kila ukipiga nnasema huu ndio wa mwisho. Bora nrudi Kizimkazi nkafe kwa mama." Kisha akanishika mkono akaniombea dua nishinde.

Bi Kazija, aibu niliyoiona pale sijapata kuiona maishani mwangu, na tangu siku hiyo sijagusa tena ule mtungi, lakini nikisema ukweli nitaitwa kobe, mla mchana wa Ramadhani, mtaa mzima na baba hatakuwa na uso wa kukaa barazani, na nisiposema mwenzangu anakwenda. Je, nikisema nimeumia mguu ili nafasi arudishiwe yeye, mambo hayataisha kimya kimya? Nionyeshe njia, nimekwama.

Mwenye haya, Jang'ombe.

*

Ewe mwenye haya,

Haya unayo, nimeiona, na ndiyo iliyobaki ya kukusaidia. Ila umeielekeza siko. Unawaonea haya watu wa barazani, na mtu aliyekushika mkono akakuombea dua ukamwacha kizingitini anangoja kufa.

Nilimwendea daktari ninayemwamini nikamuuliza bila ya kumtaja mtu. Akanieleza kwamba mwili uliokosa maji tangu alfajiri huufanya moyo upige mara nyingi zaidi kwa kazi ile ile, na juani ndiyo zaidi. Kwa hiyo mapigo ya Mcha yalisema kweli: mtu huyu anakimbia na kiu. Yako nayo yalisema kweli: mtu huyu amekunywa. Aliyedanganya ni wewe, kwa kunyamaza tu. Bwana Hatim alilinganisha mfungaji na mfungaji, kumbe mmoja wao kobe, hesabu yake ingetoka vipi? Na yeye pia nina neno naye. Akimhofia mtu moyo, ampeleke kwa daktari, asimpe ugonjwa kwa vidole viwili na saa ya mfukoni.

Habari ya kuumia mguu iache, tena iache kabisa. Wewe bado unadhani ulichomchukulia Mcha ni mbio. Ukichechemea leo, nani atamruhusu akimbie na kila mtu anaamini moyo wake mbovu? Atakwenda Kizimkazi na hofu yake, na wewe utakuwa na uongo wa pili wa kuulinda.

Baba yako ataumia, sikufichi. Atakufokea, atajifungia ndani, kisha siku moja atatoka, kwa sababu kahawa ya nyumbani haina mazungumzo. Kobe utaitwa, na utaitika mpaka wachoke. Mambo ya kulipa siku ulizokula kamuulize sheikh wako, mimi si mtu wa kutoa fatwa.

Majina yote nimeyabadilisha, lakini kisa ni kile kile, na mwalimu wako husoma gazeti kama watu wengine. Usingoje akione humu kabla hajakisikia kinywani mwako. Hata hivyo usianzie dukani kwake. Anzia kwa Mcha, leo, kabla ya adhana ya Magharibi, kabla hajafunga mzigo wake. Na ukifika usianze kwa kuomba radhi, wala kwa kumsimulia kiu yako. Anza kwa kumwambia, "Mcha, moyo wako mzima." Mengine ataweza kuyasikia akishapumua.

Bi Kazija