Begi la Kilo Kumi na Tisa Chini ya Mti

Mpendwa Mshauri, naomba msaada wako kabla Jumamosi haijafika, maana nyumbani kwangu siku hizi naishi kama mpangaji.

Mimi ni mtunza stoo wa shule ya bweni, mke wangu ni fundi cherehani, na mwaka jana alinivuta tujiunge na kilabu cha kupanda miti kwa burudani, watu wazima kabisa wenye kazi na familia, wanavaa helmeti, wanafunga mikanda na kamba, wanapanda, wanakaa juu wakipiga soga, wanashuka, basi. Mke wangu alipanda siku ya kwanza kama aliyezaliwa huko juu, lakini mimi nilipoinua macho tu nikarudi nyuma hatua tatu, nikasema ngoja leo nikague begi la huduma ya kwanza, na tangu siku hiyo kila nikiitwa nasema bado nakagua.

Sasa Mshauri, begi lenyewe lilikuwa dogo la kufunga kiunoni, na kanuni ya kilabu ni kwamba mwenye begi hupanda nalo hadi tawi la kwanza, nikaona nikilijaza halitapandika, basi nikaongeza kipima presha, chupa sita za maji, blanketi mbili, chandarua, mkongojo mmoja kwa sababu wa pili haukuingia, nikabadilisha na begi lenyewe mara tatu mpaka tukafika kilo kumi na tisa, na kwa mazoea ya stoo kila kifaa nikakitia kwenye nailoni na kukizungushia selotepu, mkasi nao nikaufunga vilevile.

Jumamosi iliyopita mke wangu alichanwa kiganja na tawi lililovunjika, damu zikawa zinamtoka, akaniita kutoka juu, "Baba Pacha, niletee bandeji! Panda matawi mawili tu, mimi nashuka tukutane!" Nami nikamjibu, "Subiri, mama, selotepu hii inataka mkasi na mkasi umo ndani ya selotepu!" Nikaona bora tulivute begi zima kwa kamba, mwenyekiti wetu akajitolea kusaidia, zipu ikapasuka katikati ya safari na mkongojo ukamtua mwenyekiti begani. Wakati nampepea mwenyekiti, fundi friji, mwanachama mwenzetu, alipanda na shashi kutoka mfukoni mwake, akamkandamiza mke wangu jeraha, akashuka naye.

Ameshonwa nyuzi nne, cherehani hawezi kuigusa, na kwangu maneno yake ni mawili tu, "Chakula tayari." Jana akaongeza kwamba Jumamosi hii atakwenda kutazama wenzake, mimi nibaki na begi langu. Naumia sana, nampenda. Nimeona dukani begi lenye magurudumu. Je, nichukue la magurudumu mawili au manne?

Ni mimi, Mlezi wa Begi.

MSHAURI ANAJIBU

Mlezi wa Begi, pole kwa mkeo kwanza, pole kwa bega la mwenyekiti pili, wewe utasubiri kidogo.

Nimesoma barua yako mara mbili, na mara ya kwanza nilicheka mpaka nikaomba radhi kwa jirani. Katika kilabu chenu chote, mtu wa pili kuumia siku ile aliumizwa na huduma ya kwanza! Halafu unaniuliza magurudumu. Baba, ukiongeza magurudumu litakuwa gari, na gari nalo halipandi mti.

Wewe unaogopa kwenda juu. Hilo si kosa, wala hakuna wa kukushitaki. Kosa ni kuuficha woga wako ndani ya begi ambalo wenzako walilitegemea. Mkeo aliomba matawi mawili akiwa anatokwa damu, na kiganja kile ndicho kinachomlisha. Ulimpa maelezo ya selotepu. Ningekuwa yeye, hata hicho chakula ungejipikia.

Sasa sikiliza. Toa vyote, rudisha begi la kiunoni. Tia glavu, shashi, bandeji, plasta, dawa ya kusafishia kidonda, kibanio cha kutolea vibanzi, mkasi usio na ncha kali, na filimbi. Kila kitu kifunguke kwa mkono mmoja. Mwenye dawa yake ya pumu au mzio apande nayo mwenyewe. Blanketi moja ibaki chini, pamoja na simu yenye chaji na namba ya dharura. Damu ikitoka, kandamiza, usitafute kipima presha. Aliyeanguka kutoka juu msimwinue wala kumgeuza, mwiteni daktari. Mkongojo rudisha ulikoutoa.

Begi mkabidhi fundi friji, na usininunie. Wewe omba ufundishwe kazi ya chini ya mti: kukagua mafundo, kuzuia watu wasipite chini ya wapandaji, kupiga simu. Hiyo ni kazi kamili, ina wenyewe, na haihitaji uongo.

Mimi ninayekushauri siwezi kusimama juu ya stuli. Taa ya jikoni huibadilisha mume wangu, anajua, hunicheka kila mara, na bado tuko pamoja miaka ishirini na moja.

Mkeo anaamini ulimwona anavuja damu ukajali vifaa. Anachokijua kuhusu siku ile ni hicho tu, na ndicho kinachomfanya anyamaze. Mwambie, "Mama Pacha, niliogopa." Mwambie leo, yeye akiwa amekaa, wewe ukiosha vyombo, maana kwa mkono ule sijui nani mwingine anayeviosha humo ndani. Begi utalipanga kesho.