Kunde za Kiambere Kwenye Sayari ya Pili

Kambi ya Kusini,
Sayari ya Pili.
Jumapili, kwa hesabu ya huko nyumbani.

Kwa Mama yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu kwa mikono miwili, nami natumai zimekukuta umeketi mlangoni pa jikoni, goti limepoa, na miwani umeivaa ingawa anayesoma ni Gedion. Kikohozi cha kiangazi kimekuacha? Mbuzi hawajambo? Mimi ni mzima. Nilikonda, lakini usianze kulia, kwa sababu nimeshaanza kunenepa tena na ndiyo habari kubwa niliyo nayo. Gedion kaka yangu, soma polepole na usiruke mahali. Nakujua.

Barua yenu niliipata wiki tatu zilizopita, chombo cha mizigo kilipotua. Ilikuwa njiani miezi minane. Nimeisoma mpaka karatasi imelainika kwenye mikunjo. Nitajibu yote, hata yale ya ukurasa wa mwisho, ila niache kwanza nikueleze tulivyoishi huku.

Uliuliza kama kuna mbingu. Ipo, Mama, na rangi yake ni ya chai iliyotiwa maziwa mengi. Hewa tunaivuta bila mitungi, Mungu asifiwe. Siku moja ina saa thelathini na moja, kwa hiyo unafanya kazi, unachoka, unalala, unaamka, na jua bado lipo palepale linakutazama. Udongo ni mwekundu kama wetu. Hakuna mti, hakuna ndege, hakuna hata nzi, ila kuna majani mafupi ya kahawia yanayotambaa juu ya mawe na ambayo hayaliki. Tuko watu mia mbili na kumi na wawili kutoka nchi nyingi. Najua bado unacheka kwamba sayari nzima imepewa jina la msichana wa Pwani, lakini waliihesabu kutoka kwenye jua lake ikawa ya pili, basi.

Kazi yangu ni ileile. Wale wanaosema kanisani kwamba nimekuwa mwanasayansi, waambie mimi ni fundi wa mabomba, na mabomba yanavuja hata huku.

Mkuu wa mashamba yetu ni Daktari Kaimenyi, mtu wa Meru, wa pale Kinoru, na haipiti wiki bila kututajia ule uwanja wa mpira. Siku ya kwanza aliniuliza nimetoka wapi. Nilipomwambia Kiambere akasema aa, kule ambako watu na mbuzi wanagombania majani. Nilimjibu kwamba kwao mvua inanyesha mpaka watu hawana akili ya kuweka maji. Tangu hapo tukawa marafiki.

Sasa sikia shida iliyotupata. Mvua ya hapa Pili huja ghafla, baada ya siku kama sitini, inanyesha siku tatu na kukatika. Hakuna wingu la kukuonya. Kaimenyi na wataalamu wake walikuja na mahindi, soya na ngano za maabara, mbegu safi zinazong'aa. Walikuwa wakingoja mvua, halafu wanatoa mashine, halafu wanapima udongo, halafu wanapanda. Mbegu zikichungulia nje, udongo umeshakauka. Walipanda mara nne, mara nne zikakauka. Maji ya kisima yanatosha kunywa tu, najua kwa sababu ndimi ninayeyapima.

Kisha tukaambiwa chombo cha mizigo kimechelewa, hakitafika kwa nusu mwaka. Rasheni ikakatwa, uji asubuhi na uji jioni, tena mwepesi. Cicily, muuguzi wetu, msichana wa Embu mjini, alikuwa akitupima uzito kila wiki, na ikafika mahali akawa anafunika namba za mizani kwa kiganja ili tusione. Mama, niliogopa. Nilianza kuota ugali wako, nikiamka natafuta sahani.

Lakini nilikuwa na kitu. Ndani ya pindo la sweta yangu kulikuwa na kunde, kama vikombe viwili, bado na lile jivu unalozihifadhia zisiliwe na wadudu. Nilizitoa wapi, ngoja nitafika. Kuingiza mbegu yoyote isiyopita maabara ni kosa kubwa huku, anayekamatwa anafungiwa na kurudishwa. Nilikaa nazo muda wote huo kwa hofu, nikizipapasa tu kupitia kitambaa pale nilipokumbuka nyumbani.

Siku Cicily alipofunika namba zangu, nilitoka na sururu. Nikapanda ulivyonifundisha, katika vumbi kavu, kabla ya mvua, kunde tatu kila shimo, na jiwe upande wa jua. Nilipanda nyuma ya tangi. Walioniona walidhani nafukua bomba. Siku ya kumi na tisa mvua ikaja, na Kaimenyi akiwa bado anaamrisha mashine zitolewe, kunde zako zilikuwa zimeshainua vichwa.

Majani yalipotosha nilichuma konzi moja, nikayapeleka ofisini kwake na kumwambia kila kitu. Nilikuwa nimefunga begi langu tayari. Akainusa ile mboga, akafunga macho, kisha akaniuliza kwa sauti ndogo kama chumvi bado ipo jikoni. Huyo ndiye aliyetucheka kuhusu majani! Hata hivyo alizipeleka maabara siku tatu, na alirudi akitikisa kichwa. Alisema lile jivu lako na vumbi la shamba letu lililoganda kwenye mbegu vilikuwa na viumbe vidogo sana vinavyousaidia mmea kujilisha ardhini. Mbegu zao zilioshwa mpaka zikafika huku peke yazo bila msaidizi.

Hatukufa hata mmoja. Tulikula majani, tukangoja maganda, tukapanda zote tulizovuna, tukavuna tena. Sasa shamba linatoka kwenye tangi mpaka kwenye mwamba mkubwa. Mkutano wa kambi ulikaa na kunisamehe. Sufuria ya kwanza ya kunde kila mtu alipata vijiko viwili, na mama mmoja wa nchi ya mbali alinishika mkono huku akilia, akaniuliza amshukuru nani. Nikamwambia amshukuru mama yangu. Nilisema kweli, lakini niliificha nusu yake.

Sasa nimefika kwenye ukurasa wenu wa mwisho.

Mmeandika kwamba msimu ulipofika ulikishusha kibuyu cha mbegu kutoka juu ya moto, kile ulichopewa na cucu, nyanya yetu, ulipoolewa, ukakuta konzi moja ya kunde juu na changarawe chini. Kwamba anayeingia jikoni kwako ni Mukami pekee, mke wa Gedion. Kwamba ulimuuliza mbele ya akina mama wa kikundi kama amezipeleka kwao, naye akainamisha kichwa asijibu. Kwamba umemnyang'anya ufunguo wa ghala, na amerudi kwao Siakago na mtoto, huu ni mwezi wa sita. Na wewe Gedion uliandika hayo yote kwa mwandiko mzuri, bila kuongeza neno lako hata moja.

Mama, ni mimi. Nilikuwa nimekuomba konzi moja ukakataa, ukasema misimu mitatu imekauka na mbegu ya nyumba haiendi kutembea. Ulisema haki. Lakini nilikuwa naenda mbali, nikataka kitu cha kwetu. Asubuhi ya kuondoka, ukiwa umeenda kumwita mchungaji aniombee, nilikimimina kibuyu na kutia changarawe ili kisipungue uzito. Mukami aliingia na kuni akanikuta mkono uko ndani. Nilimwangukia. Nilimwomba asiseme mpaka nitakapofika salama na kusema mwenyewe, kwa sababu ikijulikana nitatolewa kwenye safari. Hakunisema wala kunihukumu. Lile pindo la sweta alilishona yeye.

Katika barua yangu ya kwanza ningeweza kusema. Niliogopa wakaguzi wanaofungua barua, na nikajidanganya kwamba ni kunde tu, utasahau. Nisamehe, Mama. Naona aibu isiyo na pa kukaa.

Gedion, kunywa maji, kisha uendelee.

Nakushukuru Mama, kwa jivu, kwa mashimo ya vumbini, kwa kunitia jembe mkononi nikiwa nanuna. Namshukuru Mukami zaidi ya ninavyoweza kuandika. Watu mia mbili na kumi na wawili wako hai kwa sababu alifunga mdomo, hata wewe ulipomuumiza. Kwenye ramani ya Pili lile shamba limeandikwa Shamba la Mukami, nimeliandikisha mwenyewe.

Pamoja na barua hii kuna kopo lenye vikombe viwili vya kunde, wajukuu wa zile zako. Kaimenyi amezipima na kutia sahihi zipite. Usimtume mzee wala usipige simu. Nenda Siakago mwenyewe, Gedion abebe kopo, na akina mama wa kikundi waende nanyi, maana alihukumiwa mbele yao. Barua isomwe hapo. Kibuyu mkichukue kikiwa kitupu, umpe Mukami, yeye ndiye azimimine kunde ndani.

Nisalimie wote wa kanisani, na majirani wa upande wa bwawa. Waambie nawakumbuka kwa majina.

Na wewe wifi yangu Mukami, siku utakaposomewa haya, mtoto atakuwa ameshaota meno yote. Nimefika salama. Sasa unaweza kusema.

Ni mimi bintiyo, niliyezichukua,
Ciakuthii.