Jicho la Asembo Mahakamani

Jumamosi, 6 Agosti 1994

Kesi ni Jumatano! Baba amepiga koti pasi mara mbili. Mwaka jana alipiga video maziko ya Ouma, yule mpiga gitaa wa Asembo Bay — ng'ombe wakikimbizwa kufukuza kifo, vumbi, bendi ikilia. Kituo kimoja cha televisheni cha Nairobi kikapata nakala, kikaionyesha kwenye habari za jioni. Bila kumwomba. Bila kumtaja. Anachotaka ni kimoja tu: wasome jina lake hewani. Zadock Okelo, mpiga video wa Kisumu.

Mama anasema jina halipikwi likaliwa. Baba anarudi kwenye pasi.

Jumatatu, 8 Agosti

Maktaba. Nilimwomba Bi. Nalini wa kaunta Sheria ya Hakimiliki. Kiingereza kigumu, kamusi pembeni. Lakini lo! Kazi ya mtu ni yake, ila anayetangaza habari anaruhusiwa kuitumia kwa haki bila kumwomba, ili nchi ijue. Halafu sharti: ataje ameitoa kwa nani. Sentensi moja! Inamfungulia mlango mwenye televisheni, na papo hapo inamkumbuka Baba yangu. Nani alikaa akawafikiria wote wawili? Nilirudia kuisoma mpaka Bi. Nalini akazima feni ili afunge.

Wakili wetu, Bi. Nelima, anasema vivyo hivyo. Kutangaza, walikuwa na haki. Jina hawakulitaja. Tutawashika hapo.

Jumatano, 10 Agosti, mchana

Naandika kwenye ngazi za mahakama.

Asembo nzima imekuja. Ile habari ya jioni ikachezwa mbele ya jaji. Ng'ombe, vumbi — nilisisimka upya, hata jaji aliinama mbele. Kisha bendi ikanyamaza, na sauti nyuma ya kamera ikapaa: "Mimi Jicho la Asembo! Ninayemwona samaki angali amelala!"

Baba! Alijisifu, vile watu wetu husimamisha bendi na kujitaja kwa jina la sifa. Hata akiwa kazini hakuweza kujizuia. Na kituo kilirusha yote.

Wakili wa kituo akainuka polepole. Mheshimiwa, mwenye video ametajwa, nchi nzima ilimsikia akijitaja mwenyewe! Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Werevu wake ulinitisha — na nikaupenda kidogo, Mungu anisamehe. Bi. Nelima akaruka: anayetumia ndiye wa kutaja, na hilo si jina, nani analijua?

Jaji akaweka kalamu chini. Akamwuliza Baba: Mzee, kwa jina hilo, watu wanakujua au hawakujui?

Nyuma ya Baba, mabenchi yamejaa watu wa Asembo. Akisema wananijua, huenda kituo kikashinda. Akisema hawanijui, amelikana jina lake mbele ya watu wake. Baba akageuka kuwatazama. Jaji akasema atasikia jibu saa nane.

Sasa yuko pale chini ya ngazi. Bi. Nelima amemwonya: Mzee, ukiitwa kwa jina hilo, usiitike. Wakili wa kituo anakunywa chai karibu nao, sikio wazi. Na akina mama wa Asembo wanatoka, shangazi Dorca mbele, mikono juu — "Jicho! Jicho la Asembo!"

Baba anaangalia viatu vyake.

Lakini mabega yameanza kucheza.