Kyungu, Huku Chini Wamenikataza Kulia

Kyungu, kaka yangu, mwenzangu wa tumbo moja,

Ni mimi Kabange, dada yako. Ninakuandikia kwa sababu kulitaja jina lako kwa sauti wamenikataza. Kuandika hawakufikiria kunikataza, juu Mama hasomi, na muke wako Bupe anasoma Kibemba tu. Basi niko hapa nyuma ya nyumba yetu ya Kashikishi, upande huu wa Zambia, nimekalia gunia la kisense, dagaa zetu za kuuza, nimewapa watu mugongo wafikiri ninapiga hesabu za soko.

Ulikufa, Kyungu. Acha niliandike neno lenyewe, juu tangu siku ile hakuna mutu aliyelitamka mbele yangu. Kolera ilikukamata kule kisiwani, kambi ya wavuvi, na watu wa afya wakakuzika kule kule, wakamwaga dawa juu ya udongo, wakarudi na boti bila wewe. Sikukuosha. Sikukuona. Saa ile nilikuwa sokoni ninabishana na mama mumoja juu ya samaki wake waliooza, na nilimushinda, na nilirudi nyumbani nimefurahi.

Bupe aliambiwa: "Bwana yako amekufa." Mimi niliambiwa: "Kyungu ameenda kukata kuni." Unaijua desturi yetu kuliko mimi, wewe uliyekuwa unakaa kando ya Baba akieleza mambo ya zamani na mimi ninakimbia kucheza. Mapasa, waliozaliwa pamoja kama sisi, hawaliliwi na damu yao. Mujane na majirani wanaruhusiwa, lakini ndugu wa damu akimulilia pasa, machozi yanafungua njia, na yule aliyebaki anafata. Kwa hiyo anaambiwa tu kwamba mwenzake ameenda kuni, na anatakiwa kuitika ndiyo, na kula, na kulala.

Kwenye matanga Bupe alilia vizuri sana. Alijitupa chini, akakuita mpaka sauti ikakatika, wamama wakamushika kiuno, wakamupa maji, akaanza upya. Nilimuonea wivu, Kyungu. Nilimuonea wivu mujane. Mimi walinivalisha nguo nyeupe, wakanipaka usoni ule udongo mweupe, pemba, wakanifungia kwa jirani, wakaniambia niimbe nyimbo za mapasa. Zile za matusi. Zile ulizokuwa unaziimba makusudi njiani tukienda kanisani, ili Mama avue kiatu akufukuze nacho. Niliziimba zote. Nilitukana na kucheka, na upande wa pili wa ukuta wanakulilia. Kesho yake mashavu yaliniuma kwa kucheka.

Tangu hapo nyumba yetu haijui ifanye nini. Mama anasonga bukari, anapakua sahani mbili, yangu na yako, na yako anakula mutoto wako akirudi shule, kila mutu anajifanya haoni. Mama alimupata muchongaji akatengeneza sanamu ndogo ya muti, ndiyo wewe sasa. Anaiogesha asubuhi. Anaipaka mafuta, anaigusisha uji mudomoni, halafu anailaza kwenye mukeka wangu. Haifanani na wewe hata kidogo. Ina kapua kadogo ka mutoto wa kizungu, na wewe pua yako ilikuwa inaingia nyumbani, sisi tunasogeza viti, ndipo unaingia wewe. Usiku ninaigeuzia uso ukutani. Sitaki iniangalie.

Sokoni ni mubaya zaidi. Wateja wako wa ng'ambo wanaokuja na chumvi na sabuni wananiuliza, "Kyungu iko wapi?" Ninatabasamu. Ninasema ameenda kuni. Wengine hawajui, wanasema basi akirudi umusalimie. Ninasema sawa, nitamusalimia. Kisha ninamupimia mutu samaki, ninakosea mizani mpaka wanadhani ninawaibia.

Nilijaribu kanisani. Pasta alisema kulia si zambi, alisema Bwana wetu mwenyewe alilia, nilie hapo mbele ya wote nipate nafuu. Nilifungua mudomo. Mama alinifinya paja, na vidole vyake unavijua. Tulipotoka alisema: "Ule pasta hajazaa mapasa. Akizaa, atakuja kunifundisha." Nikafunga mudomo, na kile kilio kikarudi chini, na kiko hapa mpaka leo, juu ya tumbo, kama tonge la bukari lisiloshuka.

Sasa habari ya mulima.

Unaukumbuka. Ule wa ng'ambo, Kongo, ambao jina lake halitajwi na kidole hakiuelekei. Mvua ikisafisha hewa tunauona kutoka kando ya ziwa, umesimama peke yake. Tulipelekwa kule wachanga, Baba amekubeba wewe, Mama amenibeba mimi, kuoneshwa kwa wenye mahali, mizimu ya kule. Ulikuwa unadai unakumbuka. "Weye ulilia njia nzima, miye nilikuwa ninaangalia ziwa." Mwongo mukubwa. Ukasema tukizeeka tutapanda tena, wewe utabeba radio, mimi mikate, na tutakaa kule juu kuwacheka watu wote wa Nchelenge wanaokimbilia dagaa zao. Nilikuambia mikate utabeba wewe. Hatukumaliza ule ubishi.

Kumbe kule juu, na kule tu, pasa aliyebaki anaruhusiwa kulia. Sikujua mpaka Mama aliponiambia. Unapanda na sanamu, unaiweka pangoni pamoja na za wengine, unalia upendavyo, na ukishuka njia inafungwa nyuma yako, hakuna wa kukuvuta tena. Tangu aliposema hivyo sifikirii kitu kingine. Watu wanaota nyumba, wanaota wanaume. Mimi ninaota mahali pa kulia.

Nilimutafuta mutu anayeijua njia. Yuko kule kijiji cha Kafutuma, muzee mumoja aliyezaliwa chini ya ule mulima, naye amezaa mapasa, ndiyo maana kila mutu anamuita Shamapasa. Nilimupelekea sukari na tumbako. Akanieleza taratibu, na mimi ninakueleza ili useme kama kuna kitu amesahau. Tutapanda miguu mitupu. Chumvi hatutaionja siku ile. Hatutaitana majina. Mutu akiteleza, asipige kelele, ajishike. Nusu ya kwanza ni majani na mawe, unatembea. Halafu inakuja sehemu ambayo hautembei tena, unashika mizizi na unapanda na tumbo, na nyuma yako ni hewa tu mpaka ziwani. Shamapasa alieleza hiyo sehemu na mikono yake yote miwili, akasema hata yeye anaiogopa.

Na kuna vita. Ulikufa kabla haijatusogelea, sasa iko upande ule kabisa. Watu wanavuka kila siku na magodoro, na mbuzi, na wagonjwa juu ya milango. Kule Chienge wanapakiwa kwenye malori kupelekwa kambi. Na mimi katikati ya hawa wote ninatafuta boti ya kunipeleka wanakotoka. Mwenye moteri wa kwanza alinikatalia. Wa pili alinicheka. Rafiki zangu wa sokoni wanasema akili zimeniruka. Mwishoni wafanya biashara wa chumvi wamekubali, wanavuka bado, wanawajua askari wa upande ule na wanajua cha kuwapa. Ndugu ya Shamapasa atatungojea majanini. Tutaondoka upepo huu ukitulia. Nimeshona kamufuko ka sanamu. Nimeweka kitenge cheupe, na unga, na kuku mweupe anazunguka hapa miguuni pangu hajui lolote.

Ndio hivyo wanavyojua wote. Sasa ninakuambia wewe jambo ambalo hawalijui.

Sikupanga kushuka.

Usinikasirikie, nisikilize kwanza. Nilimuuliza Shamapasa: na nikishafika chini, nikisikia kulia tena? Akasema, "Hapana, mwanangu. Kule juu unamaliza." Nikamuuliza kama nitaweza kuongea na wewe, hata kidogo, hata kimoyomoyo. Akatikisa kichwa. Kumaliza. Nani anaweza kumaliza? Mimi sijawahi kuwa mutu mumoja, Kyungu, hata siku moja. Tumboni ulikuwapo. Kwenye titi ulikuwapo, Mama anasema ulikuwa unanipiga teke ukitaka la upande wangu. Hasira zangu zote nilikuwa ninakupelekea wewe, unazicheka, zinaisha. Sasa zinabaki na mimi ndani ya nyumba. Ninaamka asubuhi, ninasikia nusu ya mwili iko baridi. Nilisema basi, nitapanda, nitalia, na nikisha kulia nitakaa hapo hapo na wewe. Wamesema machozi yanafungua njia. Vizuri, ifunguke.

Nikaanza kujipanga kimya kimya. Magunia yangu nilimuachia jirani auze. Masufuria yangu mazuri, yale ya Kasumbalesa uliyonibebea kichwani ukilaani njia nzima, nilimupa Bupe, nikasema yamenichosha. Bupe alishukuru, akayaosha, akayapanga mbele ya mulango wake yakauke kwenye jua.

Mama akapita pale akayaona.

Hakugomba. Wewe unamujua Mama, akigomba hakuna shida, akinyamaza ndiyo ogopa. Alirudi nyumbani akaniangalia muda mrefu ninavyokula, kama anayeangalia mutoto mwenye homa. Kesho yake akafunga kitambaa akapanda lori mpaka Kafutuma, akamukuta Shamapasa, akamuambia katika safari ile na yeye yumo.

Nilikasirika mpaka nikatupa mwiko. Magoti ya Mama, Kyungu, siku hizi yamevimba, hautayatambua. Akienda ziwani kuchota maji anakaa chini kwenye ule muteremko na anajivuta na makalio kama mutoto. Kupanda anapanda, atakazana, ni mukaidi. Kushuka ndiyo magoti yanakataa kabisa. Nikamuambia: Mama, kule hata mbuzi wanaanguka, utapanda namna gani?

Akasema: "Kupanda nitajikaza. Niko na mikono."

Nikamuambia: na kushuka?

Alikuwa anapepeta unga. Hakuinua kichwa. Akasema: "Kushuka utanishusha weye."

Akaendelea kupepeta.

Nilisimama pale mulangoni, Kyungu, na nikaelewa kila kitu, na nikamuchukia, nikamupenda, sijui. Hakuniuliza kama ninataka kubaki kule. Hakunishika mukono, hakuniombea, hakuniitia pasta. Haji kunisindikiza. Anapeleka magoti yake mabovu mpaka juu ya ule mulima ili awe mzigo wangu. Shamapasa ni muzee, anajibeba mwenyewe kwa shida. Mimi nikibaki kule, Mama naye amebaki, atakaa juu ya jiwe na kitambaa chake mpaka afe, na anajua kwamba mimi najua. Nililala nikitafuta mulango wa kutokea. Nilisema nitaondoka bila yeye, lakini asubuhi nilikuta amefunga mizigo, amelala amekaa, amevaa viatu vyake, amevishika vile vya kwangu mapajani.

Na tena nikaona kitu ambacho miezi hii yote sikukiona, nimeshughulika na kilio changu tu. Yeye pia hajalia. Alikuzaa wewe, na hajakulilia hata tone moja, juu yangu. Anaogesha ule muti na anaulisha uji na macho makavu, ili nisikufate. Anataka kufika kule juu kuliko mimi.

Basi tutapanda. Shamapasa mbele, Mama katikati, mimi nyuma ninamusukuma makalio, na ungekuwapo ungecheka mpaka ungeanguka, taratibu au si taratibu. Tutakuweka mahali pazuri, penye kuonekana ziwa, juu ulisema ulikuwa unaliangalia. Nitakulilia. Nitakulilia mpaka wale askari wa chini waache bunduki zao waulize ni nini kinalia hivyo. Kuanguka nitaanguka, kujitupa nitajitupa, kama Bupe, zaidi ya Bupe. Mama naye atalia, na hakuna atakayemufinya.

Halafu nitajifuta. Nitamupa Mama bega, nitamuambia weka muguu hapa, sasa hapa, na nitashuka naye, jiwe moja halafu lingine, mpaka kwenye majani, mpaka kwenye boti. Ninakuahidi. Sitaki, lakini ninakuahidi. Na siku Mama atakapokufa, maana atakufa, sitakuja kukuuliza kama ahadi imeisha. Nitakuwa nimeshazoea kutembea chini, labda. Mutoto wako anahitaji mutu wa kumufundisha zile nyimbo za matusi, na Bupe hazijui.

Baada ya kule sitakuandikia tena, ndivyo taratibu zinavyosema, na safari hii nitazitii. Kwa hiyo sikia vizuri. Siku tuliyozaliwa ulitoka wewe mbele, na kabla hawajamaliza kukufuta uso, mimi huyo nyuma yako. Najua umesimama pale mulangoni unageuka-geuka, unasema yule mwanamuke anachelewa wapi.

Nenda, kaka yangu. Lala vizuri. Usiningojee.

Kabange wako